Maswali ya wasomaji: mifumo miwili, kompyuta moja

Safari hii barua zimegusa jambo moja kwa sura nyingi: kuendesha Linux ndani ya Windows, au Windows ndani ya Mac, bila kufuta mfumo uliopo. Wengi mmetaja VirtualBox ya Oracle, programu inayotengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta halisi, kwa hiyo majibu yanaifuata hiyo, toleo la 7.0 na kuendelea. Palipo na njia nyepesi zaidi tumeitaja. Kompyuta yenyewe tunaiita mwenyeji, na mfumo unaokaa ndani yake tunauita mgeni. Barua zimefupishwa.

Niko mwaka wa kwanza chuoni, kozi ya TEHAMA. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500 na Windows 10. Mwalimu anataka kila mmoja wetu awe na Linux. Nimeweka Ubuntu ndani ya VirtualBox nikaipa GB 3. Ikianza kuwaka, hata Windows yenyewe inaganda. Nifanyeje na hela ya laptopu mpya sina?
*Mwanafunzi, Mbeya*

Hesabu ndiyo inayokukataa. Windows 10 ikishafunguka tu, hata kivinjari hujagusa, imekula takribani GB 2. Ukimpa mgeni GB 3, jumla ni 5 na wewe unazo 4. Kinachopungua Windows inakwenda kukitafuta kwenye diski, na diski ya kuzunguka haiwezi kufanya kazi ya RAM. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc wakati mgeni anawaka, uangalie safu ya Disk: utaikuta imeganda kwenye 100% huku prosesa ikiwa haina kazi ya maana.

Kwa RAM ya GB 4, mpe mgeni MB 1024, au 1536 ukijibana sana, na prosesa moja. Halafu achana na Ubuntu Desktop. Toleo la 24.04 linataka GB 4 kwa ajili yake peke yake, na faili lake la kupakua ni karibu GB 6. Chukua Debian, Linux nyingine, faili la netinst, ambalo halifiki GB 1. Kozi za mwaka wa kwanza mara nyingi ni amri, ruhusa za mafaili, kuandika skripti na kusimamisha seva ndogo. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji madirisha na picha, na Debian isiyo na mazingira ya picha inaridhika na MB 512.

Unapotengeneza mashine pepe, VirtualBox 7.0 na 7.1 ikiona faili la ISO, yaani lile la usakinishaji ulilopakua, hutaka kusakinisha yenyewe bila kukuuliza. Weka tiki kwenye Skip Unattended Installation. Ukiiacha ifanye itakavyo, utapata mtumiaji aitwaye vboxuser ambaye kwenye Debian na Ubuntu mara nyingi hana ruhusa ya sudo, yaani ya kutoa amri za msimamizi, na utaanza kozi yako kwa kuhangaika na hilo. Diski ya GB 15 inatosha, iwe ya aina inayokua yenyewe. Ndani ya usakinishaji, nywila ya root, msimamizi mkuu, iache tupu. Hapo Debian humpa mtumiaji wako sudo. Ukifika kwenye orodha ya programu, ondoa tiki zote isipokuwa SSH server na standard system utilities.

Sasa uzuri wenyewe: SSH, yaani kuingia kwenye mashine nyingine kwa amri. Zima mgeni, ingia Settings, Network, Port Forwarding, uongeze mstari mmoja: Host Port 2222, Guest Port 22. Mwashe mgeni kwa Headless Start, yaani bila dirisha, kisha fungua Command Prompt ya Windows uandike:

ssh -p 2222 jinalako@127.0.0.1

Windows 10 ya tangu 2018 ina ssh ndani yake. Unafanya kazi kwenye dirisha la Windows, unakopi na kubandika unavyotaka, na Linux iko nyuma inafanya kazi kwa RAM kiduchu.

Njia ya pili ni WSL, nyenzo ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika wsl --install, washa upya, na Ubuntu ya amri iko tayari. Inakubali hata Windows Home. Ila WSL 2 inaruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM yako, basi tengeneza faili liitwalo .wslconfig ndani ya C:\Users\jinalako lenye mistari miwili: [wsl2] juu, memory=1GB chini yake. Kama mwalimu anafundisha kugawa diski, kusakinisha mfumo au kusanidi mitandao ya mashine kadhaa, WSL haitakufaa. Rudi kwenye Debian.

Ukipata fedha kidogo, anza na RAM, kisha SSD. Kabla ya kununua, soma kibandiko cha RAM iliyomo. Laptopu nyingi za Intel Core za kizazi cha nne zinataka DDR3L, ambayo kibandiko chake kimeandikwa PC3L. Yenye PC3 tupu inaingia kwenye tundu bila shida, lakini kompyuta haiwaki, na muuzaji atakuambia umeiharibu wewe.

Habari zenu. Nimenunua laptopu iliyotumika, HP yenye Core i5. Nikiwasha mashine pepe napata ujumbe mrefu wenye VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED. Fundi amesema prosesa imekufa upande mmoja.
*Msomaji, Nakuru*

Prosesa ni nzima. Ujumbe huo unasema kwamba uwezo wa prosesa wa kubeba mfumo mwingine, ambao Intel inauita VT-x, umezimwa kwenye BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows. Kompyuta nyingi za maofisini hutoka hivyo. VirtualBox tangu toleo la 6.1 haiwezi kufanya lolote bila uwezo huo.

Hakikisha kwanza: Task Manager, Performance, CPU, utazame chini panapoandikwa Virtualization. Ikiwa ni Disabled, zima kompyuta, iwashe huku ukigonga Esc kisha F10. Kwenye HP mlango huwa System Configuration, halafu Device Configuration. Weka tiki kwenye Virtualization Technology na uhifadhi. Wenye Dell waingie kwa F2, watafute Virtualization Support. ThinkPad ni F1, ndani ya Security. Wenye prosesa za AMD watakuta jina lake ni SVM Mode, na ujumbe wao wa kosa ni VERR_SVM_DISABLED. Ukishahifadhi, zima kompyuta kabisa na uchomoe chaja kabla ya kuwasha, maana baadhi ya bodi hazipokei badiliko hilo kwa kuwasha upya tu.

Mambo mawili yanaweza kukukwamisha. Moja, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kugusa BIOS kunaweza kuifanya Windows iombe ufunguo wa tarakimu 48 inapowaka. Uwe nao mkononi kwanza. La pili ni baya zaidi: kompyuta za mtumba zinazotoka makampuni ya nje mara nyingine zina nywila ya BIOS ya mwenye nazo wa zamani. Kwenye laptopu za kiofisi, kuchomoa betri ndogo ya bodi hakuifuti, kwa sababu imehifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea betri. Kwa mtakaonunua baadaye: ingieni BIOS pale pale dukani, mkiwa bado mmeshika hela zenu.

Mashine pepe yangu inafanya kazi lakini inajikokota, na chini ya dirisha lake naona kobe wa kijani. Kompyuta ina GB 16 na SSD. Kobe anataka nini?
*Msomaji, Kampala*

Kobe anakuambia kuwa VirtualBox haijaishika prosesa moja kwa moja. Hyper-V, mfumo wa Microsoft wenyewe wa mashine pepe, imetangulia, nayo VirtualBox inapanda juu ya mgongo wake. Mambo yanakwenda, lakini taratibu, na wakati mwingine mgeni anakufa ghafla.

Hyper-V huwashwa na vitu vingi ambavyo havijiiti Hyper-V: WSL 2, Docker Desktop, Virtual Machine Platform, Windows Sandbox, na ulinzi uitwao Memory integrity ulio ndani ya Windows Security, Device security, Core isolation. Kwenye kompyuta mpya za Windows 11 huo wa mwisho mara nyingi umewashwa tangu kiwandani, ndiyo maana mtu anakuta kobe na hajawahi kugusa chochote.

Ukitaka VirtualBox ipate njia, zima Memory integrity, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Washa upya. Kobe akiondoka, mahali pake utaona alama ya V. Kurudisha, andika amri ile ile ukiweka auto badala ya off. Jua gharama yake: WSL 2 na Docker vitagoma mpaka urudishe, na Memory integrity ipo kwa sababu ya kuzuia draiva zenye nia mbaya. Kama WSL ndiyo kazi yako ya kila siku na VirtualBox unaigusa mara moja kwa mwezi, mwache kobe wa watu. Na kama una Windows Pro, tumia Hyper-V yenyewe: iwashe kwenye Turn Windows features on or off, na ugomvi utakuwa umekwisha. Windows Home haina Hyper-V Manager.

Natumia hotspoti ya simu. Kwenye Windows nimeweka Metered connection ili masasisho yasimalize bando. Juzi nimeacha mashine pepe mbili zinawaka, Windows 11 na Ubuntu, nimeamka bando la GB 10 limekwisha. Nani kala?
*Msomaji, Dodoma*

Wageni wako wote wawili. Wewe umemfunga mwenyeji, lakini mgeni hajui kuwa kuna simu wala waifai. VirtualBox inampa kadi ya mtandao ya kubuni, naye anaona waya wa Ethernet uliochomekwa kwenye ruta, anwani 10.0.2.15, kasi ya kutosha. Kwa mawazo yake yuko ofisini, na intaneti ni ya bure. Basi anapakua.

Ndani ya Windows ya mgeni: Settings, Network & internet, Ethernet, washa Metered connection. Ndani ya Windows Update, bonyeza Pause.

Ubuntu ina midomo miwili. Snap, mfumo wake wa kusakinisha programu, hukagua masasisho mara nne kwa siku, na vifurushi vyake ni vikubwa. Andika nmcli connection kuona jina la muunganisho, kisha:

sudo nmcli connection modify "jina la muunganisho" connection.metered yes
sudo snap set system refresh.metered=hold

Ya kwanza inamwambia mgeni kuwa data inalipiwa, ya pili inaizuia snap kwa msingi huo. Mdomo wa pili ni unattended-upgrades, inayosasisha mfumo yenyewe, ambayo kwa kawaida nayo huheshimu alama hiyo. Linux Mint haiji na snap kabisa. Kwa anayeishi kwa bando hiyo ni sababu nzuri ya kuichagua.

Kinga ya uhakika kuliko zote ni kuchomoa waya. Kwenye dirisha la mgeni, menyu ya Devices, Network, ondoa tiki kwenye Connect Network Adapter. Rudisha unapohitaji. Baki pia kwenye NAT, ambapo mgeni anapita kwenye mtandao kwa mgongo wa mwenyeji. Bridged Adapter, ambayo humpa mgeni anwani yake mwenyewe kwenye ruta, husumbua sana kwenye waifai na hotspoti, kwa sababu vifaa vingi vya waifai havipendi kuona kompyuta moja ikijitambulisha kwa kadi mbili.

Na ukishapakua ISO kwa bando la thamani, ipime kabla ya kuitumia: certutil -hashfile faili.iso SHA256, ulinganishe na namba iliyo kwenye ukurasa wa kupakulia. Faili lililokatika katikati linaweza kuanza kusakinisha vizuri tu, kisha likakuangusha njiani.

Nina duka la fotokopi. Skana yangu ni ya zamani lakini inasoma vizuri kuliko hizi mpya. Draiva yake ni ya Windows 7 tu, na kompyuta ya dukani sasa ni Windows 11. Nimesikia mashine pepe inaweza kuiokoa. Nianzie wapi?
*Mfanyabiashara, Mombasa*

Inaweza, ila usianze na Windows 7. Anza na Linux, kwa sababu mfumo wake wa skana, uitwao SANE, una draiva za skana nyingi zilizoachwa na watengenezaji wake, na hakuna leseni ya kununua. Weka Linux Mint ndani ya VirtualBox kwa RAM ya GB 2 hadi 3, mwunganishe skana kwa namna tutakayoeleza, kisha andika scanimage -L. Ikijitokeza kwenye orodha, fungua Document Scanner na kazi yako imekwisha.

Isipojitokeza, ndipo Windows 7. Chukua ya biti 32, RAM GB 1 au 2, diski GB 25. Utahitaji ufunguo halali. Ule wa kibandiko kilicho chini ya kompyuta yako ya zamani umefungwa kwa kompyuta hiyo, usiutegemee.

Kuunganisha: chomeka skana kwenye tundu la kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyaji cha USB. Mgeni akiwa amezimwa, ingia Settings, USB, chagua USB 2.0. Usichague 3.0 kwa Windows 7. Mfumo huo haukuja na draiva ya USB 3. Tangu VirtualBox 7.0, USB 2.0 na 3.0 zimo ndani ya programu ya msingi, kwa hiyo mafundisho ya zamani yanayokutuma kupakua Extension Pack, kifurushi cha nyongeza cha VirtualBox, kwa ajili hiyo yamepitwa. Bonyeza alama ya kuongeza iliyo pembeni, chagua jina la skana. Hicho ni kichujio: kila mgeni akiwaka, skana itahamia kwake yenyewe, na kwa muda huo Windows 11 haitaiona. Kifaa cha USB hakikai kwa watu wawili kwa wakati mmoja.

Ukipata ujumbe kuwa kifaa kiko busy with a previous request, kuna programu ya mwenyeji iliyokishikilia, mara nyingi draiva ya kubahatisha ambayo Windows 11 imejiwekea. Ondoa programu hiyo kwenye Device Manager, chomoa skana, washa upya, chomeka tena mgeni akiwa ameshawaka. Kwa wenye mwenyeji wa Linux, tatizo huwa jingine: mtumiaji hayumo kwenye kundi la vboxusers. Andika sudo usermod -aG vboxusers jinalako, kisha toka na uingie upya.

Picha zilizosomwa zitoke vipi? Weka Guest Additions, draiva za VirtualBox zinazokaa ndani ya mgeni, kupitia menyu ya Devices, Insert Guest Additions CD image. Tengeneza folda moja kwa mwenyeji, tuseme D:\Skani, uiongeze kwenye Shared Folders kwa tiki ya Auto-mount. Ndani ya Windows 7 itaonekana kama diski ya mtandao, \\VBOXSVR\Skani. Shiriki folda hiyo peke yake. Watu hushiriki diski yote ya D kwa uvivu, na kirusi kikiingia kwa mgeni kinatembea mpaka kwenye hesabu za duka.

Na mtandao ukate kabisa: Settings, Network, Attached to, chagua Not attached. Microsoft iliacha kuilinda Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Skana haihitaji intaneti. Kila kitu kikishafanya kazi, nenda Snapshots, yaani kumbukumbu za hali ya mashine, bonyeza Take, uite jina kama "safi, skana inasoma". Siku mtu akivuruga, unarudi hapo kwa dakika moja.

Umeme ulikatika nikiwa natumia mashine pepe kwenye kompyuta ya mezani. Uliporudi, VirtualBox inaonyesha mashine yangu imeandikwa Inaccessible na haiwaki. Ndani yake kuna kazi ya miezi. Je, imepotea?
*Msomaji, Bukavu*

Yaelekea haijapotea, ndugu yetu, lakini usibonyeze Remove na usitengeneze chochote kipya kabla ya kusoma hapa chini.

Mashine pepe ni folda yenye mafaili. Diski, yaani kazi yako, ni faili kubwa la .vdi. Maelezo ya mashine, RAM kiasi gani, diski ipi, mtandao upi, yako kwenye faili dogo la .vbox. Umeme ukikatika wakati VirtualBox inaliandika hilo dogo, linabaki tupu. Kubwa mara nyingi halijaguswa.

Nakili kwanza folda yote mahali pengine. Kisha funga VirtualBox na usubiri sekunde kama kumi, ili programu yake ya nyuma, VBoxSVC, nayo ijifunge. Fungua folda ya mashine, kwa kawaida ndani ya VirtualBox VMs kwenye folda yako ya mtumiaji. Ruhusu Windows ionyeshe viishio vya majina ya mafaili. Utaona mawili yanayofanana: moja linaishia na .vbox, jingine na .vbox-prev. Tazama ukubwa. Kama la kwanza ni KB 0, na la pili lina KB kadhaa, VirtualBox imekuachia nakala ya hali iliyotangulia. Lipe bovu jina jingine, nakili la .vbox-prev, na nakala hiyo uiite kwa jina la .vbox. Fungua VirtualBox tena. Kama bado inanung'unika, iondoe mashine kwenye orodha kwa kuchagua Remove only, kisha Machine, Add, uonyeshe faili ulilotengeneza. Kama VirtualBox yenyewe imekataa kufunguka, ugonjwa ni ule ule kwenye faili jingine, VirtualBox.xml, lililo kwenye folda ya .VirtualBox, nalo lina VirtualBox.xml-prev.

Ikiwa yote mawili ni matupu, tengeneza mashine mpya ya aina ile ile na kwenye hatua ya diski uchague Use an Existing Virtual Hard Disk File. Kumbuka kuweka Enable EFI kama ya zamani ilikuwa nayo, vinginevyo utaambiwa hakuna diski ya kuwashia ilhali ipo. Lakini tahadhari: kama ulikuwa na snapshoti, usifanye hivi kwa haraka. Kazi ya baada ya snapshoti haiko kwenye .vdi kuu, iko kwenye mafaili yaliyo ndani ya folda ya Snapshots, kila moja likimtegemea mzazi wake. Ukiwasha .vdi kuu peke yake ikaandikwa hata kidogo, minyororo inakatika na ya juu yake hayasomeki tena. Fanya majaribio kwenye nakala tu.

Mgeni wa Linux akiwaka akaishia kwenye maandishi ya initramfs, anataka diski yake ikaguliwe: fsck -y /dev/sda2, au namba yoyote anayoitaja, kisha exit. Wa Windows, chkdsk c: /f.

Kwa siku zijazo: kwenye Settings, Storage, bonyeza jina la kidhibiti cha diski uone kama Use Host I/O Cache ina tiki. Kwenye SATA kwa kawaida haina. Kwenye IDE inayo. Ikiwa nayo, mgeni anaambiwa "imeshaandikwa" wakati data bado imo kwenye RAM ya mwenyeji, na umeme ukikatika hapo, imekwenda. Nakala za akiba zifanye kwa File, Export Appliance, mgeni akiwa amezimwa. Flashi yenye FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 hata kama ina nafasi ya GB 64, basi iwe exFAT. Snapshoti si nakala ya akiba. Inakaa kwenye diski ile ile.

Nina MacBook yenye chipu ya M2. Nahitaji programu ya hesabu ya ofisini inayokubali Windows tu, na ufunguo wake wa USB. VirtualBox niliyokuwa nayo kwenye Mac ya zamani, na mashine yangu ya Windows 10, nikihamisha vitawaka?
*Msomaji, Muscat*

Mashine ile haitawaka. Prosesa ya Mac ya zamani ilikuwa ya Intel, M2 ni ya ARM, aina nyingine ya prosesa, na mashine pepe humpa mgeni prosesa ile ile aliyo nayo mwenyeji. Kuna njia ya kuiga prosesa nyingine. UTM, programu ya mashine pepe ya Mac, inaiita Emulate. Windows kamili kwa njia hiyo inawaka, lakini ni polepole kiasi cha kukata tamaa.

Kinachowezekana ni Windows 11 ya ARM ndani ya programu nyingine za aina hiyo: Parallels, VMware Fusion ambayo tangu Novemba 2024 ni bure hata kwa kazi za biashara, au UTM kwa kuchagua Virtualize. Windows hiyo hutafsiri programu za Intel yenyewe, na programu nyingi za hesabu zinakwenda. Kikwazo ni ufunguo wako wa USB. Programu hutafsiriwa, draiva hazitafsiriwi. Lazima iwepo draiva iliyoandikwa kwa ARM64. Waulize waliokuuzia programu kuhusu hilo kabla ya kununua leseni yoyote. Wakisema haipo, kompyuta ndogo iliyotumika yenye Intel, ukiiingia kwa mbali kutoka kwenye Mac, itakugharimu kidogo kuliko usumbufu huo.

Ofisi yetu ina kompyuta nane zenye VirtualBox na Extension Pack. Kuna mtu ametuambia tunavunja sheria.
*Msimamizi wa ofisi, Arusha*

Kwa Extension Pack, huenda ni kweli. VirtualBox yenyewe ni ya chanzo huria, chini ya GPL, tumieni ofisini bila malipo. Guest Additions hali kadhalika. Extension Pack ina leseni nyingine: bure kwa matumizi binafsi, kielimu na ya kujaribu, ofisi inayozalisha hulipia. Iondoeni kupitia Extension Pack Manager. Msipotumia kuingia kwa mbali kwa RDP, kufunga diski kwa nywila au kamera ya mwenyeji, hamtaona tofauti.

Mgeni wangu wa Linux anatumia GB 18, lakini faili lake la .vdi limefika GB 57 na diski yangu inajaa. Nimefuta vitu ndani, halipungui.
*Msomaji, Tanga*

Diski inayokua yenyewe haijui kusinyaa. Ukifuta, mgeni anaandika tu kuwa nafasi ile iko huru. Data bado imo, na VirtualBox haijui kama ni takataka. Inabidi uijaze nafasi huru kwa sifuri, kisha umwambie mwenyeji azikate.

Futa snapshoti kwanza, na uwe na nafasi ya kutosha kwenye diski ya mwenyeji, kwa sababu kuunganisha mafaili yake kunahitaji pa kufanyia kazi. Ndani ya mgeni:

sudo dd if=/dev/zero of=/jaza bs=1M
sudo rm /jaza

Amri ya kwanza itaishia kwa kulalamika No space left on device. Ndivyo inavyotakiwa. Mzime mgeni. Kwa mwenyeji wa Windows, fungua Command Prompt ndani ya C:\Program Files\Oracle\VirtualBox:

VBoxManage modifymedium disk "D:\Mashine\linux.vdi" --compact

Mgeni wa Windows hutumia sdelete -z c: ya Sysinternals badala ya dd. Faili likiwa la .vmdk, --compact inakataa, lifanye kuwa .vdi kwanza kwa VBoxManage clonemedium. Kazi yote hii kwenye diski ya kuzunguka huchukua muda mrefu, na asilimia zinaweza kusimama mahali pamoja ukadhani imekwama. Usiikatishe.